Je, Kweli Alifanya kwa Ajili ya Familia?

 

Siku ya pili ya Idi tulialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa ndugu yetu mmoja. Sinia zilipoondolewa na mikono ikanawiwa, vijana wa nyumba ile na binamu zao waliokuja kupeana mkono wa Idi wakaanza kubishana. Mwanzo tulidhani ni habari za mpira, maana sauti zilikuwa za namna hiyo. Kumbe walikuwa wakimjadili mtu aitwaye Walter White. Mmoja alisema mtu yule hakuwa na njia nyingine. Wa pili alisema alikuwa sawa mpaka pale alipomwacha binti wa watu afe mbele ya macho yake. Wa tatu, naye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, aliapa kwamba aliyeharibu mambo yote ni mkewe.

Tuliuliza huyo Walter White ni nani. Wakacheka, kisha kwa adabu wakatueleza. Mtu huyo hayupo duniani wala hajawahi kuwapo. Ni mhusika mkuu wa tamthilia ya Kimarekani ya uhalifu iitwayo Breaking Bad. Kwa lugha ya vijiwe vyetu, ndiye steringi.

Wakati mabishano yakiendelea, mama wa nyumba aliingia na birika la kahawa na sahani ya halua. Akasikiliza kidogo, kisha akauliza: "Wanangu, huyo bwana mnasema amefanya yote kwa ajili ya mkewe na watoto wake. Yupo aliyemuuliza mkewe kama alizitaka fedha hizo?" Hakuna aliyejibu. Tuliondoka pale na swali lile, na leo, inshaAllah, tunataka kulitazama pamoja na wasomaji wetu, kwani tumeona kwamba halimhusu Walter White peke yake.

Kisa chenyewe

Ili tusihukumu kwa kusikia, tulikaa na vijana wale wakatusimulia kisa chote kwa utaratibu, na baadhi ya sehemu tuliziona wenyewe. Hatukusudii kumshawishi mtu aitazame. Ndani yake mna matusi, mna ulevi, na mna mambo ambayo Muislamu ameamrishwa kuinamisha macho yake asiyaone. Wala hapa hatutoi fatwa. Hilo lina wenyewe. Tunachosema ni kwamba tamthilia hizi zimekwisha kuingia majumbani mwetu, kwanza kwa diski na flashi za kupeana mkono kwa mkono na sasa kwa simu, na mzazi asiyejua mwanawe anabishana juu ya nini hataweza kumnasihi.

Tamthilia ile ilitungwa na Vince Gilligan, ikaonyeshwa nchini Marekani kuanzia Januari 2008 hadi Septemba 2013, sehemu 62 kwa jumla. Walter White ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico. Ametimiza miaka 50. Mshahara wake hautoshi, na baada ya vipindi hufanya kazi ya pili mahali pa kuoshea magari, ambako humkuta hata mwanafunzi wake akiwa mteja. Mkewe, Skyler, ni mjamzito. Mtoto wao wa kiume anatembea kwa magongo kwa sababu ya ulemavu. Siku moja mwalimu huyu anaambiwa kwamba ana saratani ya mapafu. Ndipo anapoamua kuitumia elimu yake kutengeneza dawa ya kulevya, methamfetamini, akishirikiana na kijana aliyewahi kumfundisha, Jesse Pinkman. Na mwanyumba wake, yaani mume wa dada wa mkewe, ni ofisa wa idara ya serikali inayopambana na dawa hizo hizo.

Kutoka hapo kisa kinakwenda daraja kwa daraja: uongo, kisha mauaji ya kujitetea, kisha mauaji ya kukusudia, kisha sumu kwa mtoto mdogo, kisha himaya ya uhalifu. Katika kila daraja Walter ana neno moja, kwamba anafanya kwa ajili ya familia yake. Neno hilo ndilo wanalolishika wanaomtetea. Basi na tuzipime hoja zao moja baada ya moja, kwa insafu.

Hoja ya kuwaachia watoto mali

Wanaomtetea husema: Mtu anajua atakufa, je, si wajibu wake kuwaachia wanawe kitu? Hapa hatuna budi kukiri kwamba wameshika jambo lenye asili. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makka wakati wa Hijja ya Kuaga, alitaka kutoa sehemu kubwa ya mali yake sadaka. Mtume (S.A.W.) akamwekea mpaka wa theluthi moja, na akamfahamisha kwamba kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha mafukara wanaonyoosha mikono kwa watu. Zaidi ya hayo akambashiria kwamba hata tonge analolitia mtu kinywani mwa mkewe kwa kutaka radhi za Allah lina ujira.

Kwa hiyo Uislamu hauidharau hofu ya baba mgonjwa. Lakini tutazame ni mali ipi iliyokuwa ikizungumzwa. Saad alikuwa akizungumzia mali ya halali. Mtume huyo huyo (S.A.W.) ndiye aliyetueleza, kama alivyopokea Muslim, habari za msafiri aliyechakaa kwa vumbi na uchovu, ananyanyua mikono yake mbinguni kumwomba Mola wake, ilhali chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake ni cha haramu na vazi lake ni la haramu, basi vipi ajibiwe? Baba anayewalisha wanawe haramu anadhani amewafungulia mlango, na kumbe huenda anawafungia ule mlango ambao hakuna mwanadamu mwingine awezaye kuwafungulia.

Tena tuangalie hesabu. Mwanzoni mwa msimu wa pili Walter anapiga hesabu ya karo, deni la nyumba na matumizi, akapata kwamba dola 737,000 zingemtosha, kisha ataacha. Zikaja, zikapita. Mwishowe mkewe anampeleka mahali alipozificha fedha, akamwonyesha rundo la noti ambalo ameshindwa hata kulihesabu, akamuuliza kiasi gani kitatosha. Kauli ya "nikipata kiasi fulani nitaacha" si ngeni kwetu. Katika Suratu Yusuf, aya ya 9, tunasimuliwa jinsi ndugu zake Nabii Yusuf (A.S.) walivyopanga kumuua au kumtupa mbali, kisha baada ya hapo wawe watu wema. Waliipanga toba kabla ya dhambi! Shetani hamwambii mtu atende uovu maisha yake yote. Humwambia atende mara moja tu, halafu atakuwa mtu mwema. Ndiyo maana Allah (S.W.) katika Suratun-Nur, aya ya 21, ametukataza kufuata nyayo za Shetani. Unyayo mmoja ni mdogo. Lakini nyayo hufika mahali.

Hoja ya heshima ya mwanamume

Jambo la pili walilobishania vijana wale linatokea mapema kabisa, katika msimu wa kwanza. Walter ana marafiki wawili wa zamani, mume na mke, Elliott na Gretchen, waliotajirika kwa kampuni ambayo naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Waliposikia anaumwa, walimpa nafasi ya kazi na wakajitolea kulipia matibabu yake yote. Akakataa.

Kijana mmoja alisema alifanya vyema kukataa, kwa kuwa mwanamume hali kwa hisani ya watu. Maneno haya yanapendeza masikioni, na yana harufu ya ukweli, kwani dini yetu inachukia kuombaomba. Lakini mtu yule hakuomba. Alifunguliwa mlango wa halali, wenye kazi na tiba, akaufunga kwa mkono wake, kisha akaenda kuubisha mlango wa haramu na kudai kwamba hakukuwa na mlango mwingine.

Tofauti ya izza na kibri ndiyo hii. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abdullah bin Masud (R.A.), ameeleza kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mwenye izza huikataa haramu ingawa ana njaa. Mwenye kibri huikataa halali kwa sababu imetoka kwa mtu anayemwonea kijicho. Wangapi miongoni mwetu wamekataa kazi ndogo ya halali kwa kuogopa kuonekana na waliosoma nao, wakaona afadhali ukubwa wa haramu?

Na mwisho wa kisa unatia mazingatio. Katika sehemu ya mwisho Walter, akiwa mkimbizi, anawatisha wale wale Elliott na Gretchen wapokee zaidi ya dola milioni 9 zilizobaki na kumpa mwanawe kama kwamba ni msaada wao. Mwanawe alikuwa amekwisha kuzikataa fedha za baba yake kwa simu, kwa ukali na chuki. Basi fedha zile, kama zingemfikia, zingemfikia kwa mikono ile ile aliyoikataa mwanzo, na kwa jina la watu wengine. Miaka miwili ya damu, kisha akarudi kwenye mlango alioufunga.

Hoja ya "hakumuua, alimwacha tu"

Mabishano makali kuliko yote yalikuwa juu ya binti aitwaye Jane, mpenzi wa Jesse, ambaye pamoja naye alikuwa ametumbukia katika heroini. Jane alikuwa akimtisha Walter kwamba asipompa Jesse fedha zake atamfichua. Usiku mmoja Walter anaingia nyumbani mwao, anawakuta wamelala usingizi wa dawa. Anamtikisa Jesse amwamshe, na kwa kutikisa huko Jane analala chali. Binti anaanza kutapika na kukabwa na matapishi yake. Walter anamkimbilia, kisha anasimama. Anatazama mpaka roho inatoka.

Mmoja wa vijana alisema: "Hakumgusa. Ni dawa zilizomuua." Mwingine akasema kwamba binti yule alikuwa tishio, na bila yeye Jesse angepona. Hapo ndipo tuliposhtuka, kwa sababu wale ni vijana tunaowajua, wanaoswali, wanaomsaidia kikongwe kuvuka barabara. Lakini kwa muda wa dakika kumi walikuwa wakitafuta uhalali wa kumwacha mtu afe.

Wanazuoni wa fiqhi hawakuliacha suala hili. Wamemzungumzia aliyemkuta mtu anaangamia naye ana uwezo wa kumwokoa bila madhara, kama mwenye maji ya ziada akamnyima aliyekaribia kufa kwa kiu. Wote wanamhesabu kuwa ni mwenye dhambi, na wapo waliokwenda mbali zaidi wakamtwisha dhamana ya roho ile. Na katika Suratul-Maidah, aya ya 32, Allah (S.W.) amelifanya tendo la kuihuisha nafsi moja kuwa kama kuwahuisha watu wote. Atakayesimama akitazama amelikosa jambo hilo kwa makusudi.

Hata mtunzi hakuliacha tendo lile lipite bure. Baba yake Jane ni mwongoza ndege. Akarudi kazini na huzuni yake, akakosea, ndege mbili zikagongana angani juu ya mji, na katika kisa hicho watu 167 wakafa. Uovu uliofanywa chumbani, usiku, bila shahidi, ukamwagikia vichwani mwa watu wasiojua lolote.

Ulinganishe mwenendo huo na wa Nabii Musa (A.S.) kama tunavyousoma katika Suratul-Qasas, aya ya 15 hadi ya 17. Alimpiga mtu ngumi bila ya kukusudia kumuua, mtu akafa. Hakusema kwamba marehemu alikuwa dhalimu, wala hakusema kwamba alikuwa akimtetea mtu wake, ingawa yote mawili yalikuwa na ukweli. Papo hapo alikiri kwamba hiyo ni kazi ya Shetani, akakiri kwamba ameidhulumu nafsi yake, akaomba msamaha. Nabii wa Allah hakutafuta wakili wa kumtetea. Je, sisi tunawatafutia mawakili watu ambao hata hawapo?

Hoja ya kumlaumu mke

Sasa tulifikie lile la mke, kwani ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kijana mwenye sauti kubwa alisema Skyler ni mwanamke mchoshi: anauliza maswali, anadai talaka, anamharibia mume mipango. Tuligundua baadaye kwamba si yeye peke yake aonaye hivyo. Mwigizaji aliyeiigiza nafasi hiyo, Anna Gunn, aliandika katika gazeti la New York Times mwezi Agosti 2013 kueleza jinsi watazamaji walivyomchukia mhusika yule, chuki ikavuka ikamfikia yeye mwenyewe, hadi mtu mmoja akaandika kuuliza atampata wapi ili amuue. Walter alitengeneza sumu, akaua na akadanganya. Aliyechukiwa ni mke aliyemuuliza alikuwa wapi usiku.

Hatumtakasi Skyler. Naye alizini, na baadaye alishiriki kutakatisha fedha za mumewe kupitia kituo cha kuoshea magari. Hayo ni makosa yake na hayafunikwi. Lakini watazamaji wengi hawakumchukia kwa hayo. Walimchukia tangu mwanzo, kwa kuwa alisimama kati ya steringi na furaha yao.

Katika dini yetu, mwanamke amwambiaye mumewe "mche Allah" ni hazina. Imepokewa katika habari za wema waliotangulia kwamba mke alikuwa akimuusia mumewe anapotoka kwenda kutafuta riziki ajihadhari na chumo la haramu, kwa kuwa wao nyumbani wataweza kuvumilia njaa lakini hawataweza kuvumilia Moto. Na Allah (S.W.), alipotaka kuwapigia mfano walioamini, katika Suratut-Tahrim, aya ya 11, alimtaja mke wa Firauni, aliyeishi katika jumba la mfalme akaomba nyumba iliyo kwa Mola wake na kuokolewa na Firauni na matendo yake. Huyu ni mwanamke aliyekuwa na kila kitu, akamkataa mume na mali yake kwa ajili ya dhuluma yake. Mwenye kumdharau mke anayeuliza fedha zimetoka wapi, anamdharau aliyefuata nyayo za mwanamke mtukufu.

Hadithi ya kutunga, ya nini kuihangaikia?

Msomaji anaweza kusema: Haya yote ni mchezo. Hakuna aliyekufa. Vijana wanabishana kwa furaha, waacheni.

Ni kweli hakuna aliyekufa. Lakini moyo unaoridhia ni moyo wa kweli. Abu Daud amepokea Hadithi ambayo maana yake ni kwamba uovu ukitendwa katika ardhi, aliyekuwapo akauchukia ni kama ambaye hakuwapo, na ambaye hakuwapo akauridhia ni kama aliyekuwapo. Hadithi hii inazungumzia uovu wa kweli, wala hatuilazimishi ihukumu kisa cha kubuni. Tunachojifunza kwayo ni kwamba kuridhia ni tendo, nalo lina uzito wake. Moyo unaozoezwa kila usiku kumtafutia muuaji udhuru utakuwa na udhuru tayari siku utakapouhitaji wenyewe. Katika Surat Fatir, aya ya 8, Allah (S.W.) anamtaja mtu aliyepambiwa ubaya wa amali yake hadi akauona ni mwema. Kazi hiyo ya kupamba, zamani ilihitaji rafiki mbaya. Leo tunaifanya wenyewe, tumekaa barazani, kwa kumpambia mtu asiyekuwapo.

Mtunzi mwenyewe ameliona jambo hili. Vince Gilligan amesema mara nyingi kwamba kusudio lake lilikuwa kumchukua mtu mwema na kumgeuza mwovu hatua kwa hatua. Na mwezi Februari 2025, alipopewa tuzo ya heshima na chama cha waandishi wa filamu na tamthilia nchini Marekani, alisema angependa zaidi kukumbukwa kwa kumbuni mtu mwema, akawahimiza wenzake warudi kuandika habari za watu wema, kwa sababu waovu wa kwenye runinga wameacha kuwa onyo na wamekuwa kielelezo cha kuigwa. Ikiwa aliyeupika mchuzi anasema umezidi chumvi, sisi tunaoula tunabishana na nani?

Wala biashara ile si ya mbali. Mwezi Disemba 2023 mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya nchini Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikitoa tiba ya methadoni kwa waathirika wa heroini tangu mwaka 2011. Nyuma ya takwimu hizo wamo mateja tunaowapita vichochoroni, na kila mmoja ana mama. Katika tamthilia tunaombwa tumhurumie muuzaji mwenye familia. Mnunuzi naye ana familia, ila kamera haikuingia nyumbani kwao.

Alichotueleza mwenye nyumba

Siku chache baada ya Idi, ndugu yetu aliyetualika alitujia baada ya Sala ya Isha. Ametupa ruhusa tuyataje haya bila ya jina lake. Yeye ni mtunza ghala. Kwa muda wa mwaka mzima amekuwa akiweka sahihi hati za mizigo iliyopungua kana kwamba imetimia, na kila mwisho wa mwezi akipokea bahasha. Bahasha hizo ndizo zilizolipa karo ya shule ya bweni ya kijana wake mkubwa, yule aliyekuwa na sauti kubwa.

Akatuambia: "Ustadh, vijana walipokuwa wakimtetea yule bwana, nilifurahi moyoni. Niliona kama wananitetea mimi. Lakini mama watoto alipouliza lile swali, kahawa ilinikwama kooni. Yeye hajui kitu. Anadhani nimepandishwa mshahara."

Hatukuwa na la kumwambia ila lile analolijua kila Muislamu: aache, ajute, aazimie kutorudia, na kwa kuwa hii ni haki ya watu, airudishe. Tulimkumbusha habari ya Abubakar Siddiq (R.A.), aliyoipokea Bukhari, ambaye alipoambiwa kwamba chakula alichokwisha kukila kimetokana na malipo ya uaguzi, alitia mkono mdomoni akakitapika chote. Kitu kilikuwa kimekwisha kushuka tumboni, wala hakuwa amekijua. Bado hakukubali kibaki.

Alikwenda kumweleza mkewe. Mama yule alilia, kisha akamwambia: "Ungeniuliza, ningekwambia tule muhogo." Leo bahasha imekoma, deni kwa mwenye mali linalipwa kidogo kidogo, na kijana anasoma shule ya kutwa. Nyama imekuwa ya siku moja kwa juma. Ndugu yetu anasema jambo moja tu limeongezeka nyumbani mwake, nalo ni usingizi.

Siku ambayo udhuru utageuka

Katika sehemu ya mwisho ya tamthilia ile, Walter anarudi kwa siri kumuaga mkewe. Skyler anadhani atalisikia tena lile neno la familia. Lakini safari hii anakiri kwamba aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe. Aliyapenda, na aliyaweza. Vijana wale walikuwa wameitazama sehemu hiyo, na bado walikuwa wakimtetea kwa udhuru ambao mwenyewe ameukana!

Nasi Waislamu tunayo habari kubwa kuliko hiyo. Katika Suratul-Maarij, aya ya 11 hadi ya 14, Allah (S.W.) anatufahamisha kwamba siku hiyo mwenye makosa atatamani ajikomboe na adhabu kwa kuwatoa wanawe, na mkewe, na ndugu yake, na ukoo wake wote uliokuwa ukimhifadhi. Tulitafakari hilo, ndugu Waislamu. Mtu aliyesema duniani "ninajitoa kwa ajili ya familia yangu", siku hiyo atataka kuitoa familia yake kwa ajili yake. Udhuru utageuka ndani nje. Basi anayewapenda kweli ahli zake awafanyie lile tuliloamrishwa katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, kuzikinga nafsi zetu na ahli zetu na Moto.

Kwa hiyo nasaha yetu kwa wazazi ni hii. Tusitosheke kuzima televisheni na kuondoka, kwani simu zimo mifukoni mwao. Tukae nao. Tukiwasikia wanabishana, tuwaulize maswali: Mlango wa halali ulikuwa wapi? Nani aliyelipa gharama? Mke alitaka nini? Na kwa vijana tunasema: Mnayo akili ya kupima, mmeionyesha. Mpimeni steringi kwa mizani ile ile mnayompimia adui. Na kwa kina baba: Kabla ya kusema "kwa ajili yenu", tuwaulize kwanza wenyewe. Huenda wakatujibu kwamba walikuwa wakitutaka sisi tu, na mkate wa halali.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu yake, atupe wake na waume wanaokumbushana, na watoto wanaoiona haki kuwa haki na batili kuwa batili. Amin. Wallahu a'lam.